Mama Breki Ashika Usukani

Mjini kwao hakukuwa na mtu asiyeijua sauti ya Mnadi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyenadi kila kitu kilichofiwa na mwenyewe au kilichomchosha mwenyewe: makabati, majokofu, vitanda, jenereta, na siku moja hata jeneza, maana mgonjwa aliyenunuliwa lile jeneza alipona akataka liondoke sebuleni. Mnadi alikuwa akipanda juu ya meza, nyundo ya mbao mkononi, na maneno yakimtoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Watu walikwenda mnadani kupoteza muda tu, wakarudi nyumbani wamebeba meza kichwani na hawajui watawaambia nini wake zao.

Mke wake alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake haukuwa mvivu, kwa hiyo wanafunzi wakamwita Mama Breki. Jina likamganda. Hata polisi wa barabarani, ambao wengine wao walijifunzia kwake, walimsalimia kwa jina hilo na kukaa wima kidogo.

Mnadi alikuwa na mashua. Ilikuwa ndogo, ya faiba, nyeupe iliyogeuka njano kama meno ya mvuta sigara, yenye mlingoti mmoja na matanga mawili, na chumba cha ndani ambacho ukitaka kugeuka ubavu lazima umwombe mwenzako ruhusa. Mama Breki aliiita mke mwenza. Jumamosi ikifika alisema leo ni zamu ya mwenzangu, lakini mara nyingi alijaza chupa ya chai akaenda nao. Kazi yake huko ilikuwa kukaa pembeni na kushika kamba aliyoambiwa ashike. Usukani ulikuwa wa Mnadi. Duniani kote hapo ndipo mahali pekee alipokubali kuwa abiria asiye na breki.

Kisha kiharusi kikaja. Asubuhi moja Mnadi alitaka kikombe, akasema dirisha. Akacheka, akajaribu tena, likatoka dirisha lilelile. Alipojaribu tena hakucheka, na mkewe alikuwa tayari anatafuta ufunguo wa gari.

Aliokoka. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukabaki dhaifu kama wa mtu aliyeulalia usiku kucha. Maneno ndiyo yaliyovurugika. Mtaalamu wa matamshi pale hospitali, dada mmoja mpole aliyekuwa na kadi za picha mezani, aliwaeleza kwamba akili ya mzee ni nzima na anaelewa kila kitu. Alisema wafikirie ghala ambalo mtu ameingia akabadilisha lebo za bidhaa zote. Mzigo upo, haujaibiwa, ila mkono ukiingia kwenye rafu unatoka na kitu kingine. Na kilichotoka kwenye ghala la Mnadi kilikuwa vitu vya mnadani. Daktari alikuwa jokofu. Kamba ilikuwa kijiko. Ndiyo na hapana zilibadilishana viti kila zilipojisikia. Lakini yale aliyoyasema maisha yake yote bila kufikiri yalitoka mazima: salamu, kuhesabu, na matusi mawili matatu ambayo mkewe hakujua kwamba anayajua. Mtaalamu alisema hilo ni jambo la kawaida, maneno ya mazoea yana mlango wake. Aliongeza kwamba dawa ya mengine ni kusema, kukosea na kusema tena, na kwamba walio karibu naye wampe nafasi.

Nafasi ndiyo aliyoikosa. Si kwamba Mama Breki hakumpenda. Mtu akiuliza, "Mzee, hali?" yeye alishajibu kwamba hajambo, anaendelea vizuri, kabla Mnadi hajafungua kinywa. Dukani alimsemea, kliniki alimsemea, kwa wageni alimsemea. Hakuweza kuvumilia kuona mwanamume aliyekuwa akisimamisha soko zima anahangaika kutafuta neno sukari huku watu wanatazama viatu vyao. Ilikuwa huruma, na ilikwenda yenyewe, kama mguu unavyokwenda kwenye breki. Mwaka ulipokaribia kuisha Mnadi alikuwa haongei tena. Alikaa kando ya dirisha akitazama barabara, na mtu akimsemesha alimgeukia mkewe.

Binti yao, fundi wa maabara katika hospitali ya mji mwingine ng'ambo ya rasi, aliwatafutia nyumba mtaa mmoja na kwake. Walikubali. Nyumba ya zamani ikaanza kufungwa kwenye masanduku, kuta zikabaki na alama nyeupe za picha zilizoondolewa, na kila neno likisemwa sebuleni likarudi mara mbili. Ikabaki mashua. Binti alisema iuzwe. Fundi wa mashine pale gatini alisema inaweza kupandishwa lori, mlingoti ukishushwa, ingawa barabara ile ina mashimo ya kuzika ng'ombe na haamini kwamba itafika ikiwa mashua. Wakati wanajadili hivyo mbele ya Mnadi kana kwamba hayupo, Mnadi aliondoka, akatembea mpaka gatini, akaingia chomboni akakaa.

Hakutoka. Jioni Mama Breki alimpelekea chakula, wakala pamoja, maji yakipigapiga ubavuni. Walipomaliza, Mnadi alinyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya rasi. Kisha akamshika mkewe mkono na kuuweka juu ya usukani.

"Kitanda," alisema.

Mama Breki hakucheka. Alikuwa ameelewa kila kitu, na aliogopa.

Binti alipopata habari alipiga simu papo hapo. Alisema watu wa umri wao hukaa barazani wakalalamika kuhusu joto. Mama yake akamjibu kwamba watalalamika wakishafika. Lakini simu ilipokatwa alikaa muda mrefu kitandani katikati ya masanduku, akijiuliza kama ameshikwa na wazimu au ni huruma ileile imebadilisha nguo.

Kwa wiki kadhaa walifanya mazoezi ndani ya ghuba. Mama Breki aliyefundisha nusu ya mji kuendesha gari alikuta chombo ambacho ukitaka kwenda kulia unasukuma mkono wa usukani kushoto. Alilichukulia hilo kama tusi. Alitaka kujua aliyetengeneza kitu hicho alipewa leseni na nani. Mnadi alikaa pembeni, mahali pa zamani pa mkewe, na mkewe alipokosea alimgusa goti. Walifunga utepe mwekundu kwenye kamba za tanga la mbele na wa kijani kwenye kamba za tanga kuu, kusudi Mnadi asiwe na haja ya kuzitaja. Kidole gumba juu kilikuwa ndiyo, gumba chini hapana, ngumi ilikuwa simama. Fundi wa mashine aliwachorea njia. Wakishaipita rasi hakuna pa kujificha mpaka mlango wa mto ambako mji wa binti yao umejengwa, kwa hiyo wasikumbatie pwani, kuna miamba. Wakae nje, mbali, nchi kavu iwe mstari tu. Wasubiri upepo wa ubavuni. Na mlangoni mwa mto kuna fungu la mchanga, waingie maji yakiwa yanajaa, wasithubutu kuingia yakipwa.

Upepo wa ubavuni ulikuja wakaondoka alfajiri. Mchana ule wa kwanza ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mashua iliinama kidogo ikakata maji kama mkasi kwenye kitambaa, nchi kavu ikapungua ikawa mstari, na Mama Breki akajikuta anaimba. Usiku walipokezana, mmoja akilala nusu jicho huku mwingine akitazama dira. Mnadi kwenye zamu yake alishika usukani kwa mkono wa kushoto, na mkewe, aliyejifanya amelala, alimsikia akihesabu polepole peke yake, moja mpaka mia, kisha tena, kama mtu anayefurahia sauti yake.

Kulipokucha rasi ilikuwa mbele yao na upepo ulikuwa umegeuka.

Sasa ulitoka hukohuko walikokwenda. Chombo cha matanga hakiwezi kuutazama upepo usoni. Ilibidi waende kwa kupiga bisho, yaani mshazari kuelekea bahari kuu, wageuke, mshazari kuelekea nchi kavu, wageuke tena, kama mtu anayepanda mlima kwa kona. Rasi ilikaa palepale. Mawimbi yalianza kuja marefu na ya kijivu. Mashua ilipanda, ikasita kileleni, ikaanguka upande wa pili kwa kishindo kilichofungua makabati yote ndani, na sufuria zikaanza kuzunguka sakafuni kama zinatafuta mlango.

Mama Breki alitapika. Akafuta mdomo, akashika usukani, akatapika tena. Akaamua kuwasha mashine ili waipite rasi kwa nguvu. Mashine ilikohoa, ikanguruma kwa muda mfupi, ikazima. Mnadi aliinama kwenye kichujio cha mafuta, akakifungua, akamwonyesha. Mtikisiko ulikuwa umevuruga uchafu wa miaka chini ya tangi. Kichujio kilikuwa cheusi kama masizi. Walikisafisha, ikawaka, ikazima. Baada ya hapo haikukohoa tena.

Basi wakabaki na matanga, na hayo nayo hayakuwa na amani. Kwenye mgeuko mmoja tanga la mbele lilipigwa na upepo likachanika ukingoni, na kila dharuba ilikuwa ikiurefusha ule mpasuko. Ilibidi lishushwe. Kwa kawaida lilishushwa kwa kamba ukiwa umekaa nyuma. Mama Breki alivuta, Mnadi akavuta. Tanga lilishuka nusu likakwama, likaanza kupigapiga kwa mlio kama wa mtu anayepiga mabati kwa nyundo. Mlingoti mzima ulitetemeka. Kule mbele kabisa kamba ilikuwa imejisokota kwenye chuma, na hakukuwa na namna ya kuifungua ila kwenda kwa mikono.

Mama Breki hakuweza kwenda. Akiuacha usukani mashua ingekaa ubavu kwa mawimbi, na hapo hadithi ingekuwa fupi. Aligeuka akamwona Mnadi anafunga mkanda wa usalama kiunoni na kukagua ndoano yake.

Alimwambia akae. Alimwambia mkono wake mmoja haufanyi kazi. Alimwambia kwamba watavumilia, tanga lichanike lote likitaka, watapata jingine. Mnadi aliinuka, na Mama Breki akamkamata jaketi kwa nguvu zake zote, huku mkono wa pili ukipigana na usukani.

Mnadi aligeuka. Mdomo ulifunguka. "Kabati," alisema. "Jokofu. Ki..." Akafumba macho kwa hasira, akajipiga pajani kwa kiganja. Kisha akatazama chini, akanyoosha mguu wake, akakanyaga mguu wa mkewe. Akaukanyaga, akauachia, akaukanyaga tena.

"Breki," alisema. Jasho na maji ya chumvi vilikuwa vinamchuruzika usoni. "Toa. Toa breki."

Yalikuwa maneno sahihi, ya kwanza kukaa mahali pake kwa mwaka mzima, na Mama Breki aliyasikia yote kwa pamoja: tanga, na dukani, na kliniki, na yale yote aliyomsemea. Vidole vyake vilifunguka kimoja kimoja. Mnadi alipanda juu akaanza kutambaa kwenda mbele.

Alitambaa kwa tumbo, akiburuta mkono dhaifu kama mzigo wa mtu mwingine. Kila alipofika mahali papya alihamisha ndoano ya mkanda, akasubiri wimbi lipite juu yake, akasogea. Mama Breki alikuwa na kazi moja tu, kukielekeza chombo kisipigwe sana, na aligundua kwamba kazi hiyo haina nafasi ya kumtazama mume. Akimtazama yeye, wimbi linalofuata linamkuta hajajiandaa, na anayeumia ni yule aliyelala mbele. Kwa hiyo alitazama mawimbi. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu wenyewe, na sakafuni hakukuwa na kitu.

Alichokiona alikiona kwa pembe ya jicho. Mnadi amepiga magoti, kichwa kwenye kamba, anaivuta kwa meno. Povu jeupe likamfunika, likashuka, bado yupo. Tanga likatikisika mara ya mwisho, likaporomoka kama shuka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Alililalia, akalikunja kifuani, akalifunga kwa mkono mmoja na meno, na ule mlio wa mabati ukaisha. Kimya kilichofuata, ingawa upepo ulikuwa unavuma vilevile, kiliwafanya wote wawili wavute pumzi.

Alirudi midomo inatoka damu, anatukana. Alitukana rasi, alitukana chuma, alitukana aliyebuni kamba, matusi kamili yenye viunganishi vyake vyote, bila kukosea hata moja. Mama Breki alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Mnadi alikaa karibu naye wakashika usukani pamoja mpaka alipotulia.

Kwa tanga moja lililopunguzwa mashua ilitulia pia. Ilikwenda polepole, lakini ilikwenda, na mchana ulipogeuka waliona mnara wa taa pale rasini uko nyuma ya bega. Hapo waliweza kugeuza chombo kufuata pwani, na upepo ule uliowatesa ukawa unawasukuma. Mji wa binti ukaanza kujitokeza: matangi ya maji, paa la hospitali, halafu kuta mbili za mawe zinazoushika mlango wa mto.

Kati yao na kuta hizo bahari ilikuwa inavunjika. Juu ya fungu la mchanga mawimbi yalisimama, yakajikunja, yakaanguka meupe. Mama Breki alizungumza na ofisi ya bandari kwa redio. Mwanamume mwenye sauti ya usingizi alimwambia chombo cha kuvuta kimekwenda kusaidia meli, hakitarudi kabla ya giza. Alimwambia maji bado yanajaa lakini si kwa muda mrefu. Yakianza kupwa yatagongana na upepo na mlango utakuwa mbaya zaidi. Wangeweza pia kubaki nje mpaka kesho. Uamuzi ni wao.

Mama Breki aliweka redio chini. Mnadi alikuwa amejikunyata ndani ya blanketi lenye unyevu, anatetemeka. Jibu lilikuwa tayari kinywani mwa mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi alilimeza.

"Tuingie au tukae nje?" alimuuliza. "Wewe unaonaje?"

Akasubiri. Mnadi aliyatazama mawimbi, akaitazama anga, akalitazama tanga moja lililobaki. Midomo yake ilijaribu umbo moja, ikaliacha, ikajaribu jingine. Wimbi lilipita chini yao, na jingine. Mama Breki aliuma ulimi wake.

"Ndani," alisema Mnadi. "Sasa." Na akanyanyua kidole gumba, kuthibitisha kwamba ndani ni ndani.

Shida iliyobaki ilikuwa moja. Mawimbi yangewajia kwa nyuma, na mwenye usukani asingeweza kuyatazama. Macho yake yalitakiwa kwenye kuta. Mnadi akageuka akakaa mgongo wake ukigusa mgongo wa mkewe, uso wake ukielekea bahari.

Walikaa kwanza nje ya povu, tanga likiwa limelegezwa, wakipima. Mama Breki alihisi chombo kinainuliwa, kinateremshwa.

"Stuli," alisema Mnadi nyuma yake.

Kikainuliwa tena, kidogo zaidi. "Meza." Halafu tena, "Meza." Halafu kikanyanyuliwa kama kinaokotwa na mkono. "Kabati!"

Mama Breki alishangaa kwamba hakuwahi kuligundua hilo. Mwaka mzima alidhani maneno yale yanaokotwa ovyo, na kumbe yalikuwa na vipimo. Stuli ilikuwa wimbi dogo, meza la kadiri, kabati lile la kuua. Alimwambia kwa sauti kwamba ameelewa, aendelee. Na Mnadi aliendelea, na kadiri alivyoendelea sauti ilianza kutanuka, kifua kikafunguka, mgongo wake ukanyooka juu ya mgongo wa mkewe. Makabati yalikuja kwa mafungu ya matatu, moja nyuma ya jingine, kisha bahari ikapumzika kwa stuli kadhaa. Aliona hivyo, akaanza kunadi.

"Kabati! Mara ya kwanza!"

Wimbi lilipita chini yao likaenda kuvunjika mbele, likafunika mlango wote kwa povu.

"Kabati! Mara ya pili!"

Ilikuwa sauti yake. Sauti ya juu ya meza, sauti ya kusimamisha soko. Mama Breki alishika kamba ya utepe wa kijani kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine.

"Kabati! Mara ya tatu!" Chombo kilipanda, kikapanda, kikateremka. "Imeuzwa! Imeuzwa! Imeuzwa!"

Mama Breki akakaza tanga. Upepo ukalijaza, na mashua ile ya njano iliyochoka ikaruka mbele kama gari la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Aliziweka kuta mbili kushoto na kulia kwake, akaziweka kama nguzo za geti, na hakutazama kitu kingine. Nyuma yake sauti ilitangaza stuli, stuli, meza. Meza ile iliwakamata tezi, kule nyuma ya chombo, ikawasukuma kwa kasi ambayo hakuna mwalimu angeiruhusu, usukani ukatetemeka mikononi, povu likachemka pande zote mbili, na kwa muda chombo kilitaka kugeuka ubavu. Alikisukuma kirudi. Kushoto ili kiende kulia. Mkono ulikwenda wenyewe bila kuuliza. Kisha mawe yalipita kandokando yao, karibu kiasi cha kuona konokono waliong'ang'ania, na maji yakawa kahawia, yakawa laini, yakawa mto.

Juu ya ukuta mtu alikuwa anakimbia sambamba nao, amevaa koti la maabara, anapunga mikono yote miwili. Ofisi ya bandari ilikuwa imempigia. Walipofunga chombo kwenye gati binti alishuka ngazi, akawaamkia shikamoo wote wawili kwa pumzi moja, akawakumbatia wakiwa wameloa hivyohivyo, kisha akawakaripia kama watoto waliochelewa kurudi kutoka shuleni. Baba yake alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akanyanyua gumba.

Jikoni kwa binti kulikuwa na joto. Walibadilisha nguo; Mnadi alivaa suruali ya mkwe wake iliyomfikia katikati ya shavu la mguu, na jeraha la mdomo likapakwa dawa. Chai ilimiminwa. Binti aliketi, akaegemeza viwiko mezani, akauliza ilikuwaje huko, na kwa mazoea macho yake yalikwenda kwa mama.

Mama Breki alichukua kikombe akanywa. "Muulize baba yako," alisema. "Mimi nilikuwa dereva tu."

Mnadi aliutazama mvuke wa chai. Kisha akaanza. Ilichukua muda mrefu sana, chai ikapoa ikamiminwa nyingine. Katika masimulizi yake upepo ulikuwa feni, rasi ilikuwa kiwiko, mashine ilikuwa shangazi, na mara tatu nne alikwama kabisa, akazunguka neno kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma, akaliingia kwa ishara za mikono. Binti alimtazama mama yake mara ya kwanza Mnadi alipokwama. Mama Breki alikuwa amekalia mikono yake. Baada ya hapo binti hakutazama tena pembeni.

Alipofika mahali pa tanga lililokwama, alionyesha jinsi alivyotambaa.

"Niliogopa," alisema.

"Maji, baba?" binti aliuliza.

Gumba likashuka. Alitafuta, akatikisa kichwa, akatafuta tena. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe alinyoosha kidole kwa mkewe.

"Huyu," alisema. "Niliogopa huyu... ata... atanifuata."

Mama Breki alikiri kwamba alitaka. Alisema mguu mmoja ulikuwa umeshanyanyuka.

"Lakini hukuja," alisema Mnadi. Hakuna neno hata moja lililokosea njia. Hakuonekana kuligundua hilo. Alisogeza kikombe, akavuta kiti karibu na meza, na akaendelea kumsimulia binti yake habari za kuta za mawe, maana mto bado hawakuwa wameuingia.